Njia ya Chooni Inapita Jikoni

Aliyemfumbua macho Euphrasia alikuwa mbwa.

Mbwa wa nyumba ile, jike jekundu ambalo juzi tu mbavu zake zilionekana moja moja, lilikuwa limelala chini ya dirisha la chumba cha mkwe wake, linatafuna paja la kuku. Si mfupa. Paja zima na nyama yake. Euphrasia alilitambua kwa sababu asubuhi ile alilitia yeye mwenyewe kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani, akaliweka kizingitini, akagonga mlango na kuondoka mbio asije akakutana na mkwe uso kwa uso.

"Haa!" alisema, ufagio mkononi. "Kumbe nimekuwa nampikia huyu."

Mbwa alipiga mkia chini kidogo, kama anayeshukuru.

Pazia la dirisha lilikuwa limeshushwa. Ndani hapakuwa na sauti, ila mlio wa kitanda, halafu pumzi ya mtu anayejigeuza huku ameuma meno. Euphrasia aliisikia pumzi ile. Alijua ni pumzi ya namna gani.

Alikuwa amekuja Ushirombo kumngojea kitinda mimba wake, Coletha, ajifungue mtoto wake wa kwanza. Mume wa Coletha, Wilbard, ni mchimbaji wa dhahabu huko Mwakitolyo, na kwa miaka mingi alikuwa akiuguza bawasiri bila kumwambia mtu, mpaka alipoanza kuloanisha suruali kwa damu na wenzake wakambeba kumpeleka hospitali. Alipasuliwa. Siku aliyorudishwa nyumbani, amelala kifudifudi kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, ndiyo siku uchungu ulipomshika Coletha. Gari lililomshusha mume likampakia mke. Naye Coletha akaishia kupasuliwa, akapata mtoto wa kiume, na mpaka sasa alikuwa wodini na wifi yake akimhudumia. Kaka zake Wilbard wako Chato, ziwani, watu wa nyavu. Basi nyumbani wakabaki watu wawili: mama mkwe na mkwe.

Na hao, kwa desturi za huku, ndio watu wasiotakiwa kubaki wawili. Mama mkwe hampi mkono mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Haoni kitanda chake. Haingii choo anachoingia yeye, ndiyo maana Euphrasia, tangu afike, alikuwa anakwenda kujisaidia kwa jirani, Mwanne, ng'ambo ya ua wa minyaa. Maneno baina yao hupitia kwa mtoto. Mtoto wa nyumba hii ndiyo kwanza amezaliwa, hajui hata kugeuza shingo. Kwa hiyo maneno yalikuwa yanapitia kwa mbuzi mweusi aliyefungwa kwenye mpapai, kati ya dirisha na jiko la nje.

"Wewe mbuzi," Euphrasia aliita sasa, amekitazama kibanda cha jiko. "Mwenye nyumba ameamkaje?"

Ndani kitanda kililia. Halafu sauti ikatoka, nyembamba, si ya mwanaume mwenye mabega kama yale.

"Mbuzi, mwambie Mama tumeamka salama. Mpe shikamoo yake."

"Marahaba. Na chakula kilimfaa?"

"Mwambie kilikuwa kitamu sana. Tumeshiba."

Euphrasia alimtazama mbwa. Mbwa alikuwa anaramba kucha.

Simu yake ya kitochi ililia kifuani, ndani ya kanga. Alikuwa Coletha.

"Mama, mnaendeleaje? Wilbard anakwenda chooni?"

"We mtoto!" Euphrasia alisogea mbali, akaiziba simu kwa kiganja. "Tangu lini mama mkwe akaulizwa choo cha mkwe wake?"

"Mama, nakuomba. Nikimpigia ananiambia anakwenda vizuri, lakini sauti yake naijua. Daktari alisisitiza hilo kuliko yote. Choo kisikae tumboni kikakauka. Kikikauka kitachana kidonda, arudi tena kwenye kisu. Anatakiwa ale mboga za majani, papai, maji mengi, na ile dawa ya maji ya kulainisha choo, iko kwenye chupa kabatini. Akitoka chooni akalie beseni la maji ya uvuguvugu. Wewe unampikia nini?"

"Kuku."

"Na nini?"

"Ugali wa muhogo. Jana nilimkaangia na maini."

Wodini kwa Coletha mtoto mchanga wa mtu alikuwa analia.

"Mama."

"Ulitaka nimpe mkwe wangu mlenda? Aseme nyumba ya mkewe wanakula majani kama sungura? Baba yako akisikia huko aliko atafufuka anichape!"

"Usinichekeshe, Mama, mshono unaniuma." Lakini hakuwa anacheka. "Sikiliza. Matone ya damu ni kawaida, daktari alisema. Ikichuruzika isikome, ni gari na hospitali palepale. Sasa nani atajua ni matone au inachuruzika? Mimi niko huku."

"Na vile vidonge vya maumivu?"

"Anywe vya daktari tu. Vile vikali wanavyouziana machimboni asiviguse, vinafunga choo."

Simu ilikatika. Euphrasia alibaki ameishika. Kila siku alikuwa anachagua kuku aliyenona, anajisifu kimoyomoyo kwamba amemtukuza mkwe. Na mkwe hakuweza kusema kwamba chakula kile hakimfai, maana chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Kinapitishwa dirishani.

Bado yuko kwenye fikra hizo, pikipiki iliingia uani ikitimua vumbi. Alikuwa Chacha, mchimbaji mwenzake Wilbard, kijana wa Tarime mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye hakuwa na ukwe na mtu hapa. Alimsalimia Euphrasia, akaingia chumbani bila kubisha, na maneno yake yote yakatokea dirishani.

"Wewe, mzazi! Nimesikia nyumba hii wamezaa wawili. Wako umempa jina gani?"

"Chacha, acha. Nikicheka nakufa."

"Umekonda, bwana. Unakula?"

"Nimefunga tumbo. Kama tunavyofunga kabla ya kushuka shimoni, duarani. Kisichoingia hakitoki."

"Duarani unafunga siku moja, unapanda juu, unakimbilia vichakani. Wewe unataka kufunga mpaka Krismasi? Maji je?"

"Kidogo tu. Ya kumezea vidonge."

"Mjinga wewe. Nenda chooni umalize."

Wilbard aliteremsha sauti, lakini dirisha halikuwa na kioo.

"Nitapitia wapi? Njia ya chooni inapita jikoni. Mama amekaa pale kwenye kigoda chake tangu jogoo mpaka giza, anachambua mchele, anachochea moto, hatoki. Nipite mbele ya mama mkwe nimetanua miguu kama bata? Anihesabie muda nikiwa ndani? Asikie? Juzi nilishikwa, nikavaa, nikafika mlangoni, nikamwona. Nikarudi kulala. Sasa haja yenyewe haiji tena. Tumbo limekuwa jiwe."

Euphrasia alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile. Alisimama taratibu, kama aliyekalia kaa la moto. Alikitazama kigoda, akautazama mlango wa chooni, hatua chache mbele yake, mabati na kanga kuukuu iliyotundikwa kuwa pazia. Siku zote hizo alidhani analinda mgonjwa. Kumbe alikuwa analinda mlango wa choo.

"Basi chukua hivi," Chacha alikuwa anasema. "Ukimeza viwili husikii kitu, hata wakikukata mguu. Mimi nawahi, zamu yangu ya kushuka ni leo."

Euphrasia alitoka mbio kumzuia. Alitaka kumwambia: kaa, baba, kaa na mwenzako mpaka jioni, wewe ni mwanaume. Lakini Chacha alikuwa ameshapiga kiki, akapunga mkono, akatoweka na vumbi lake.

Basi Euphrasia akafanya kazi kama anayefukuzwa. Alichuma mlenda nyuma ya nyumba, akauchemsha na magadi kidogo mpaka ukawa unavutika kwenye mwiko. Akakoroga uji mwepesi wa ulezi. Akaangua papai lililoiva, akalimenya, akalikata. Akaingia sebuleni kwa kunyata, akafungua kabati, akakuta chupa ya dawa ikiwa na mfuniko wake wa dukani, haijafunguliwa hata siku moja. Akaipanga mizigo yote hiyo kizingitini pamoja na jagi la maji. Mlenda mbele ya mlango wa mkwe! Kama kuna shangazi wa Wilbard angepita saa ile, habari ingefika Chato kabla ya jua kuchwa.

Alirudi, akasimama karibu na mbuzi, amelipa dirisha mgongo.

"Wewe mbuzi, nisikilize, na usinikatize. Vile vidonge alivyoleta Chacha vinafunga choo. Mwambie mwenye nyumba avitupe, anywe vya daktari. Na mlenda huo si dharau. Ni dawa."

Neno lililokuwa linafuata Euphrasia hakuwahi kumwambia hata padri.

"Mbuzi, mimi nilipomzaa huyu Coletha nilichanika. Nikashonwa. Nikaogopa kwenda chooni kuliko nilivyoogopa uchungu wenyewe. Kwa hiyo na mimi nikafunga. Nilikuwa natia tonge mdomoni mama yangu akiniangalia, akigeuka nalitema kwenye kanga. Maji sikunywa. Nikajiona mjanja. Mbuzi, tumbo halifungwi, linasubiri. Lilipokuja kufunguka nilidhani nazaa mara ya pili, na mtoto wa jiwe. Mshono ulikatika. Nilikaa kitandani mpaka watu wakaanza kupalilia. Laiti ningekula majani siku ile ya kwanza, ningelia kidogo, yakaisha. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa umesikia, na ukimwambia mtu nitakuchinja."

Mbuzi alicheua. Jasho lilikuwa linamtoka Euphrasia kama aliyetoka kutwanga. Nyuma yake alisikia mlango ukifunguka kidogo, bakuli likiburutwa sakafuni, mlango ukifungwa. Baada ya hapo kitu kiliruka kutoka dirishani kikaanguka vumbini: pakiti ya vidonge vya Chacha. Mbwa alikimbilia, Euphrasia akamwahi.

Alingoja mpaka aliposikia kijiko kikigonga sahani tupu. Hakuchochea moto, hakukohoa. Jua lilipanda, likasimama, likaanza kuinama, ndipo kitanda kilipolia na miguu ikasikika sakafuni ikienda, ikirudi, ikienda, ikirudi. Euphrasia alielewa. Alinyanyua kigoda chake.

"Wewe mbuzi," alisema kwa sauti ya kusikika hata barabarani, "twende zetu kwa Mwanne nikamsaidie kuchambua mchele. Jikoni hakuna mtu. Uani hakuna mtu. Maji ya moto yako kwenye sufuria, beseni liko pale. Hatutarudi sasa hivi."

Akamfungua na mbuzi, uwanja ubaki mtupu kabisa, akavuka ua wa minyaa na kigoda kichwani.

Mwanne alimpokea, akampa ungo wa mchele. Mwanne huuza maandazi stendi na macho yake hayapitwi.

"Mama Coletha," alisema baada ya muda, "mchele wa watu huo unauchambua au unaupanda? Nusu uko chini."

"Macho yangu mabovu."

"Macho yako yako sawa. Masikio ndiyo yameenda matembezini."

Ni kweli. Masikio yalikuwa ng'ambo. Alisikia mlango. Akasikia hatua, moja, inapumzika, nyingine, inapumzika. Akasikia kanga ya chooni ikisogezwa. Halafu kwa muda mrefu hakusikia kitu. Kivuli cha ua kiliwafikia miguuni. Kisha sauti ikaja, mguno wa mtu aliyebanwa na gogo, ukapanda, ukakatika. Mwanne aliacha kuchambua. Mguno ulikuja tena, mkubwa zaidi. Baada ya hapo kimya.

Kimya kile ndicho kilichomnyanyua Euphrasia. Ungo ulimwagika. Alivuka minyaa bila kutafuta upenyo, utomvu ukamchafua mkono, na alipofika mbele ya choo ndipo alipokumbuka kwamba mbuzi alikuwa amebaki kwa Mwanne.

Hapakuwa na wa kupitishia neno. Alitazama kushoto, kulia. Mbwa hakuwepo, kuku hakuwepo. Kulikuwa na yeye, mabati na kanga kuukuu.

Aligeuka, akayapa mabati mgongo.

"Wilbard," aliita.

Hakuwahi kulitamka jina lile. Lilitoka kama mtu mwingine ndiye aliyelisema.

"Wilbard, mwanangu. Ni mimi. Nimekupa mgongo, sioni kitu. Unanisikia?"

Kitu kilikwaruza kwenye mabati.

"Mama... ondoka hapo."

"Siondoki."

"Nakufa, Mama. Kimefika mlangoni, hakitoki, hakirudi. Naona giza."

"Hufi. Unasukuma?"

Mguno ukapanda tena.

"Nakuuliza, unasukuma?"

"Ndiyo."

"Acha. Acha kabisa. Shika ukuta. Fungua mdomo wako, legeza taya, taya likilegea na kule kunalegea. Sasa puliza, taratibu, kama unapuliza moto wa kuni mbichi. Hivi." Akapuliza. "Tena. Nataka nikusikie."

Alisikia pumzi ikitoka ndani, fupi, inatetemeka. Akapuliza naye. Wakapuliza wote wawili, mmoja ndani na mmoja nje, kama wahunzi. Mguno ulipokuwa unaanza alimkemea: "Puliza!" nao ukageuka pumzi. Magoti ya Euphrasia yalikuwa yanamwuma lakini hakuthubutu kuchuchumaa.

"Mama, naona damu."

"Damu ya namna gani?"

"Mama, siwezi kukwambia jambo hilo. Bora nife."

Euphrasia alifumba macho. Kwenye masikio yake alikuwa anamsikia Coletha: nani atajua ni matone au inachuruzika?

"Sikia," alisema, na sauti yake ikawa ya chini kabisa. "Ukiniambia, tutaona aibu, mimi na wewe, na tutaishi nayo. Usiponiambia, nageuka sasa hivi, nafungua hii kanga, naangalia kwa macho yangu. Chagua moja, baba."

Aliushika upindo wa kanga nyuma ya mgongo wake, akautikisa, ajue hana mzaha.

"Matone!" Wilbard alipiga kelele. "Matone, Mama! Yanadondoka."

"Hayachuruziki?"

"Hapana. Yanadondoka tu. Kama bomba lisilokazwa vizuri."

"Yanaongezeka au yanapungua?"

Alingoja. Aliuhesabu moyo wake mwenyewe, akapoteza hesabu.

"Yanapungua."

"Basi hayo daktari aliyasema. Hayo ni ya kawaida. Puliza."

Alipuliza. Halafu ikatoka sauti moja, ndefu, ya kumtoa ndege mtini, na mwisho wake ikavunjika ikawa kilio, kilio cha waziwazi kama cha mtoto. Euphrasia hakusema neno. Alisubiri mpaka kilio kikageuka kikawa kitu kingine, akasikiliza vizuri, akagundua mkwe wake anacheka huku analia.

"Kimetoka?" aliuliza.

"Kimetoka, Mama. Yesu na Maria. Kimetoka."

Machozi yalimtoka na yeye. Aliyafuta kwa upande wa mkono usio na utomvu, akaenda jikoni, akachanganya maji mpaka kiwiko chake kilipokubali, akalibeba beseni akirudi kinyumenyume kama anayeondoka mbele ya altare, akalitua kando ya kanga.

"Kaa humo mpaka yapoe," aliiambia hewa. "Kesho maji hayo hayo, papai hilo hilo, na dawa ya chupa usiiache. Na ukiona yanachuruzika wakati wowote, piga kelele, nitakuja."

"Ahsante, Mama."

Hakuitika. Alishazunguka nyuma ya nyumba.

Alimrudisha mbuzi kwenye mpapai, na kigoda chake akakipeleka upande wa pili wa kibanda cha jiko, kinakotazama mashamba, ambako mtu akipita kwenda chooni hata kivuli chake hakionekani. Moshi ulikuwa unamjia machoni kule. Alivumilia.

Jua lilikuwa limeshuka aliposikia sauti dirishani, dhaifu bado, lakini imeshiba.

"Mbuzi, mwambie Mama mlenda ulikuwa mzuri. Muulize kama umebaki."

"Wewe mbuzi, mwambie upo. Na mbwa asipewe."

Kitanda kililia, na Wilbard akacheka, akasema "Aaii!" kwa maumivu, akacheka tena.

Simu ililia. Euphrasia aliitoa kwenye kanga.

"Mama!" Coletha alikuwa anahema. "Sijatulia tangu mchana. Niambie ukweli. Wilbard ameenda chooni?"

Euphrasia alitazama mashamba. Alikaa vizuri kwenye kigoda chake, akakunja kanga yake magotini kama mtu mwenye heshima zake.

"Mpigie mwenyewe umuulize," alisema. "Mambo ya mkwe wangu mimi nitayajulia wapi?"